Kanisa la Mateka kwenye Njia ya Nairobi

Msomaji, ukiondoka Kisii au Nyamira kwenda Nairobi kwa njia ya Keroka, Sotik, Bomet na Narok, huna budi kuukwea ukingo mkubwa wa Bonde la Ufa. Hapo mteremkoni, ukiisha kupita mji wa Mai Mahiu, ambao jina lake kwa Kikikuyu maana yake ni maji ya moto, utaona kando ya barabara kanisa dogo la mawe. Udogo wake wastaajabisha, kwani haliketishi ila watu wachache. Abiria hulitazama kidogo, gari likapinda kona, nalo likasahauliwa. Yafaa tusimame hapo tuulize: ni nani waliolijenga, na mbona lingali limesimama ilhali wao wamekwenda zao?

Mwezi wa Juni 1940 Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka uliofuata majeshi ya Waingereza, na ndani yake askari Waafrika wa King's African Rifles, yalivuka mpaka wa Kenya, yakaiteka Mogadishu mwezi wa Februari na kuingia Addis Ababa mwezi wa Aprili. Ngome ya mwisho ya Waitalia, Gondar, ilianguka mwezi wa Novemba 1941. Makumi ya maelfu ya mateka wakaletwa Kenya, wakatiwa kambini, na baadhi yao wakapewa kazi ya kuchonga barabara katika ukingo huo. Mwaka 1942, katikati ya jasho la kazi hiyo, walijenga kanisa hilo wapate pa kusali. Vita vilipokwisha walirudi kwao, na kambi zikavunjwa. Barabara na kanisa vikabaki, na leo kanisa hilo huitwa kanisa la wasafiri.

Si kila kanisa la vita lililobaki mahali pake. Nchini Marekani, mwaka 1941, serikali ilianza kujenga mamia ya makanisa ya mbao katika kambi za jeshi, yote kwa ramani moja. Baada ya mwaka 1945 mengi hayakuwa na kazi tena, yakauzwa. Waumini wa madhehebu mbalimbali waliyanunua, wakayafungua vipande vipande au wakayavuta mazima juu ya magari, wakayasimamisha upya mijini na mashambani. Basi huko kanisa lilihama kuwafuata watu. Huku kwetu watu walihama, na kanisa likapata watu wengine. Lakini sababu ya kuokoka ni ile ile: palikuwa na mtu aliyelihitaji.

Jambo hili si geni Kisii. Wamisheni wa Kikatoliki walikuwa wamefungua kituo Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafungua chao Nyanchwa mwaka 1912. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wa Kisii, na tarehe 12 vita vikapiganwa hapo. Wamisheni walikuwa wamekwisha kuondoka, na wenyeji wengi, wakidhani kwamba utawala wa wazungu umekwisha, waliteka mali ya serikali na ya misheni. Waingereza waliporudi waliwaadhibu kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe. Ungedhani ya kuwa baada ya uchungu huo hakuna ambaye angetaka kuviona tena vituo vile. Lakini vilifufuka, na watoto wa watu wale wale wakaenda huko kusoma na kusali. Ukuta uliweza kujengwa na mgeni. Kuudumisha kulitaka mwenyeji.

Sasa tafakari jambo moja lililo zito zaidi. Mwaka 1952 kanisa la ukumbusho la Waitalia lilikamilika Nyeri, na humo yakawekwa mabaki ya askari wao waliofia katika nchi hii. Hao walikuwa wameshindwa vita, lakini wafu wao walikusanywa. Je, wapagazi wetu wa vita vya 1914 hadi 1918, waliotolewa katika kila upande wa nchi, Kisii nako? Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, wakazikwa njiani. Nairobi wana sanamu iliyowekwa mwaka 1928, isiyo na jina la mtu hata mmoja, na mtaa wa Kariakor, ambao jina lake latokana na kikosi chao. Wao walikuwa upande wa washindi.

Simlaumu mateka aliyejenga kwa mikono yake mahali pa kumwomba Mungu wake. Nasema tu kwamba jiwe humkumbuka yule aliyepata nafasi ya kuliweka, na wapagazi hawakupata nafasi hiyo. Kwa hiyo, msomaji, siku utakapopita Mai Mahiu, litazame kanisa lile kwa heshima. Kisha ukirudi nyumbani, waulize wazee ni nani katika ukoo wenu aliyechukuliwa vitani asirudi, uandike jina lake katika daftari. Watu wale hawakujengewa kanisa, lakini kuandika majina yao kungali katika uwezo wako.