Mabanzi ya Mwanzi na Hogo la Bombo

Chumbageni, mjini Tanga, haijui barafu. Kinachoangusha watu huko ni utelezi wa masika, Machi hadi Mei: mtu anatoka alfajiri, mguu unamponyoka, anajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kinavunjika.

Zamani aliitwa mganga wa mifupa. Alipapasa, akavuta, akaunyoosha mfupa, kisha akaufunga kwa mabanzi ya mwanzi na vitambaa. Ujuzi wa vidole vile unastahili heshima kubwa, ingawa kukaza mno kuliweza kuzuia damu na kuozesha kiungo.

Wajerumani wakajenga hospitali Bombo, Tanga hiyohiyo, mkabala na bahari. Ulaya tayari ilikuwa na hogo la jasi, lililotangazwa na Mholanzi Antonius Mathijsen mwaka 1852, na eksirei ya Wilhelm Röntgen, 1895. Hata hivyo, waganga wa mifupa hawakukosa wateja.