Baron Samedi na Watawala Waliojivika Sura Yake

Katika dini ya Vudu ya Haiti, mlinzi wa makaburi ni Baron Samedi. Huvaa kofia ndefu, koti jeusi na miwani nyeusi. Puani ana pamba kama maiti aliyeandaliwa kuzikwa. Mwanzoni mwa Novemba waumini humpelekea mishumaa, kahawa na pombe ya miwa iliyotiwa pilipili kali. Ana matusi na vituko tele, lakini kazi yake ni nzito: asipokubali kuchimba kaburi, mgonjwa hafi, na akishamlaza marehemu, humlinda asigeuzwe na mchawi kuwa zombi, msukule wa kufanyishwa kazi.

Hofu ya zombi ilizaliwa mashambani. Koloni la Ufaransa la Saint-Domingue lilitajirika kwa sukari na kahawa zilizolimwa na Waafrika waliotekwa Kongo, Dahomey na kwingineko. Kwa mtumwa, kifo kilikuwa ukombozi. Zombi alinyimwa hata huo. Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1791 yalizaa Haiti huru tarehe 1 Januari 1804, lakini hofu hiyo haikuzikwa pamoja na mabwana.

Marekani ilipoikalia Haiti kuanzia 1915 hadi 1934, simulizi hizi zilichukuliwa ng'ambo na kupotoshwa. Filamu ya White Zombie ya 1932 ilionyesha wafu wakisukuma kinu cha sukari cha bwana mchawi. Katika riwaya ya Live and Let Die ya 1954, Ian Fleming alibuni jambazi ambaye wafuasi wake humdhania kuwa Baron Samedi mwenyewe. Mwaka 1957 kiti cha urais wa Haiti kikakaliwa na François Duvalier, daktari aliyeujua vyema utamaduni wa wananchi wake. Kwa suti nyeusi, kofia, miwani na sauti ya chini ya puani, aliwaacha watu waamini kuwa Baron ndiye mkazi wa ikulu, huku wanamgambo wake, Tonton Macoute, wakiua maelfu. Mwaka 1964 alijifanya rais wa maisha, akatawala hadi alipofariki 1971.

Michezo ya kuigiza wahusika imeurithi mkoba huo wote. Katika ulimwengu wa kutisha wa Ravenloft, sehemu ya Dungeons & Dragons, imo nchi ya vinamasi iitwayo Souragne. Anayeitawala ni Anton Misroi, mwenye shamba aliyekufa asipumzike, anayeogopwa kama Bwana wa Wafu na kuamrisha misukule.

Ulaghai huo wa kuchukua nafasi ya Baron, kama ule wa Duvalier, una ukweli wa kihistoria: anayewafufua wafu awatumikishe ni adui wa Baron, hata akivaa kofia yake. Msimulizi wa mchezo anayelifahamu hilo humpa Baron wa kweli nafasi ya kudai makaburi yake. Asiyelifahamu huwakabidhi wachezaji Vudu ya mabwana na madikteta, na kuinyima haki dini ambayo Haiti yenyewe iliitambua rasmi mwaka 2003.