KUHASI MBWA: ETI HALINDI TENA?

Pale nyumbani tulikuwa na mbwa jike, akafa kwa usaha kwenye kizazi. Daktari alisema angehasiwa mapema yasingemkuta. Mzee ndiye alikuwa amegoma, eti mbwa akihasiwa halindi. Basi leo tuwekane sawa.

INAFANYIKAJE? Dume hutolewa korodani zote mbili. Jike hutolewa ovari, na mara nyingi kizazi chote. Hii ni kazi ya daktari wa mifugo, siyo ya jamaa wa mtaani na wembe wake! Mbwa halishwi usiku wa kuamkia siku hiyo, halafu anapigwa nusu kaputi, kwa hiyo hasikii kitu. Jike huchukua muda zaidi maana anafunguliwa tumbo. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa siku 10 hadi 14 usimwogeshe, asikimbie ovyo wala asilambe kidonda. Ndiyo maana huvishwa kola ya plastiki shingoni. Kidonda kikivimba, kikitoa harufu, au mbwa akigoma kula, mrudishe haraka.

FAIDA: Dume hapati kansa ya korodani. Jike anaepuka ule usaha, na akihasiwa kabla ya joto la kwanza uwezekano wa uvimbe wa matiti unapungua sana. Tena mbwa asiyepandana ni vigumu kuambukizwa ule uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu.

HASARA: Zipo pia, tusidanganyane. Wengi hunenepa, kwa hiyo punguza chakula. Majike wengine huvujisha mkojo wakizeeka. Na mbwa wakubwa kama German Shepherd wakihasiwa kabla ya mwaka mmoja, hatari ya magonjwa ya viungo inaongezeka. Wadogo wengi huhasiwa kuanzia miezi 6. Muulize daktari umri unaomfaa wako.

NA ULINZI JE? Kinachopungua ni kuzurura kufuata majike na kukojolea kila ukuta. Kumbwekea mgeni getini hakutoki kwenye korodani jamani! Ila chanjo ya kichaa cha mbwa iko palepale, kuhasi siyo mbadala wake.

Mzee sasa kaelewa, kashapata mbwa mwingine na safari hii atampeleka mwenyewe. Nyie wenzangu wa kwenu wamehasiwa? Tupeni uzoefu hapo chini.