Kuwa xidid: kuingia katika familia ya Kisomali kwa njia ya ndoa

Katika Kisomali, neno xidid lina maana mbili. Ni mzizi wa mti, na pia ni mtu aliyeunganishwa na ukoo kwa ndoa: mkwe, shemeji, wifi au jamaa mwingine wa upande wa pili. Herufi x husomwa kama h nzito itokayo kooni, kama ile ya Kiarabu katika jina Muhammad. Ndivyo zilivyopangwa herufi za Kilatini zilipofanywa rasmi kuwa maandishi ya Kisomali mwaka 1972.

Kwa familia ya Kinanira, mtaa wa makazi kusini mwa Bujumbura, Somalia si nchi ya kusikika kwa mbali tu. Kuanzia Desemba 2007 wanajeshi wa Burundi walihudumu huko katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na kwa miaka mingi majina ya Mogadishu, Baidoa na Jowhar yalitajwa majumbani kwa hofu na kwa dua. Sasa iko njia nyingine ya kukutana. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Somalia ikawa mwanachama kamili mwezi Machi 2024. Biashara na masomo huwakutanisha vijana, na vijana wakikutana, wazee huletewa habari ya posa. Haya ndiyo atakayoyakuta Mrundi anayeoa au kuolewa katika ukoo wa Kisomali.

Nasaba kabla ya yote

Swali la kwanza la mzee wa Kisomali kwa mgeni si kazi yake wala mji wake, bali ni wa nani. Mtoto wa Kisomali hufundishwa mapema kutaja baba, babu, baba wa babu na kuendelea vizazi vingi. Orodha hiyo huitwa abtirsi. Jina la mtu huendana nayo: lake, la baba yake, la babu yake. Jina la ukoo kwa maana ya Kizungu halipo. Kwa hiyo mwanamke wa Kisomali habadili jina anapoolewa, kwa sababu kuolewa hakumwondoi katika ukoo wa baba yake. Jambo hili halitamshangaza Mrundi, ambaye naye kwa desturi hupewa jina lake mwenyewe na hubaki nalo hata baada ya harusi.

Linaloweza kushangaza ni majina ya utani. Wasomali huitana kwa maumbile bila kuona ni tusi: Dheere ni mrefu, Gaab ni mfupi. Rais Mohamed Siad Barre mwenyewe alijulikana nchi nzima kama Afweyne, mwenye mdomo mkubwa. Bibi harusi akisikia shemeji wake wanamwita kwa namna hiyo, asikimbilie kulia.

Na wala Wasomali wote si wa kalibu moja. Barawa, mji wa pwani ya kusini, una wenyeji wanaozungumza Chimiini, lugha ndugu ya Kiswahili, na Wabajuni wa visiwa vya karibu na Kismayo huzungumza lahaja ya Kiswahili. Msikilizaji wa Buyenzi aliyezoea kuitwa Mswahili katika nchi ya Kirundi atapata kwao watu wanaoijua hali ya kuwa wachache wenye lugha yao.

Neno moja, mali tatu

Ugomvi mwingi wa posa huanzia kwenye neno mahari. Burundi, Waswahili hulitumia mara nyingi kwa inkwano, mali itolewayo na upande wa mwanamume kwa familia ya binti, ambayo asili yake ni ng'ombe na leo mara nyingi ni fedha. Wasomali hutenganisha. Yarad ndiyo hasa inayofanana na inkwano: hutoka kwa jamaa wa bwana kwenda kwa jamaa wa bibi, na kwa wafugaji ilihesabiwa kwa ngamia. Gabbaati ni zawadi inayogawiwa watu waliohudhuria kikao cha uchumba. Meher ni mali ya bibi harusi peke yake, hutajwa wakati wa kufunga nikaax, yaani nikahi, na baba hana haki ya kuichukua. Huweza kulipwa papo hapo au kubaki deni ambalo mke atalidai, hasa ndoa ikivunjika au mume akifariki.

Baba wa Kinanira anayesikia kwamba meher ni nakala ya Kurani na kiasi kidogo cha fedha anaweza kudhani binti yake amedharauliwa. Na familia ya Kisomali inayosikia hesabu ya ng'ombe inaweza kudhani kwamba haki ya binti imeliwa na wazee. Dawa ni ndogo: msemaji wa kila upande aulize mapema ni mali ipi inayozungumzwa, na itaingia mkononi mwa nani.

Tena mali hairudi upande mmoja tu. Kwa desturi ya wafugaji, upande wa bibi hutoa dibaad, vyombo na mifugo ya kuanzia maisha, pamoja na aqal, ile nyumba ya mikeka na fito ambayo wanawake wa ukoo wake huisuka na ambayo hubebwa juu ya ngamia.

Kuna pia suala la vinywaji. Katika posa ya Kirundi pombe si kiburudisho tu. Kila hatua ya mazungumzo ina pombe yake. Wasomali karibu wote ni Waislamu wa Suni wa madhehebu ya Shafii, kama Waswahili wa pwani, na hawatakaa mbele ya chupa hizo. Soda na chai hukaa mahali pa pombe, na maneno ya wasemaji hubaki yale yale. Kwa Mkristo jambo ni zito zaidi ya kinywaji. Fiqhi humruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa Mkristo au Myahudi, lakini hairuhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu, na familia nyingi husubiri kusilimu kwa yeyote anayekuja. Hilo lisemwe kabla ya tarehe kupangwa.

Siku saba na kamba isiyo na mwisho

Harusi, aroos, haiishi siku ya nikahi. Siku ya saba wanawake hukusanyika kwa shaash saar: humfunga bibi kitambaa cha kichwani ambacho ni alama ya mwanamke aliyeolewa, na humtungia buraanbur, mashairi ya wanawake yanayosifu ukoo na kumpa wosia.

Kaskazini mwa nchi za Wasomali na Djibouti upo mchezo wa xeedho. Wanawake wa upande wa bibi hujaza chombo kwa nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika samli pamoja na tende, kisha hukivika nguo kama bibi harusi na kukizungusha kamba ambayo ncha yake imefichwa. Jamaa wa bwana hutakiwa kukifungua bila kukata. Wakishindwa huchekwa na kutozwa faini. Bwana harusi Mrundi ambaye ndugu zake hawajawahi kukiona chombo hicho atakuwa na jioni ndefu.

Ndani ya nyumba

Maneno ya ujamaa hurudi yalikotoka. Mama humwita mwanawe hooyo, yaani mama. Baba humwita aabbe. Nyanya humwita mjukuu ayeeyo, ambalo ndilo neno la nyanya. Ami wa upande wa baba ni adeer, na yeye humwita mtoto wa kaka yake adeer vile vile. Mjomba ni abti. Mkwe mwanamke ni soddoh na mwanamume ni soddog, nao huheshimiwa kwa sauti ya chini na macho yasiyokazwa.

Baada ya kujifungua mama hupumzika nyumbani siku 40, na siku ya mwisho, afartanbax, huadhimishwa kama arobaini ya Waswahili. Asubuhi hupikwa canjeero, mkate laini wenye vitundu. Mchana ni wali, na kando yake huwekwa ndizi mbivu, ambayo huliwa pamoja na wali na nyama. Mrundi aliyekua na ndizi za kila namna huenda asiwe amewahi kuzila hivyo.

Jambo moja halipaswi kupimwa kwa mizani ya adabu. Somalia ni nchi ambamo karibu wanawake wote wametahiriwa. Utafiti wa afya uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha asilimia 99 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Burundi haina desturi hiyo. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 yenyewe ilikataza kutahiri wasichana. Mama wa Kirundi anayekataa binti yake asikatwe ana maneno ya katiba hiyo upande wake, na wachumba wakubaliane juu ya hili kabla ya ndoa, si siku mtoto anapopelekwa likizo kwa nyanya.

Nyaraka

Nikahi msikitini peke yake haimpi mke hadhi ya ndoa mbele ya sheria ya Burundi. Kanuni ya watu na familia ya mwaka 1993 inataka ndoa ifungwe mbele ya msajili wa serikali, inaweka umri wa miaka 21 kwa mwanamume na 18 kwa mwanamke, na haikubali mume kuwa na mke wa pili. Mwanamume mwenye mke Mogadishu hawezi kuandikisha mwingine Bujumbura.

Kwa watoto, kosa la karatasi ni kubwa zaidi. Sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 humpa uraia wa kuzaliwa mtoto wa baba Mrundi; mama Mrundi aliyeolewa na mgeni hana uwezo huo sawa na baba. Sheria ya uraia ya Somalia ya mwaka 1962 nayo humfuata baba. Kwa hiyo mtoto wa mama wa Kinanira na baba Msomali ni Msomali, hata akizaliwa Bujumbura na kuzungumza Kirundi tu. Ikiwa baba ni mkimbizi asiye na cheti wala pasipoti, mtoto anaweza kukosa namna ya kuthibitisha uraia wowote.

Kwa hiyo familia ya binti, pamoja na kuuliza yarad, iulize pia hati za bwana harusi, na ihakikishe majina yake matatu yameandikwa kwa tahajia moja katika pasipoti, cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Cabdi wa Kisomali huandikwa Abdi kwingine, na Xasan huwa Hassan. Ofisini hao ni watu wawili.