Hesabu ya Lagrange na mawe ya Mshtarii

Mwaka 1772 Joseph-Louis Lagrange, mwanahisabati mzaliwa wa Turin aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alipeleka Paris insha kuhusu fumbo lililowachosha wataalamu wa enzi zake: vitu vitatu vikivutana angani, vitakwendaje? Jibu la jumla hakulipata. Alionyesha, hata hivyo, kwamba kitu kidogo kinaweza kukaa katika njia ileile ya sayari, nyuzi 60 mbele yake au nyuzi 60 nyuma, kikilizunguka Jua sambamba nayo bila kugongana. Mwenyewe aliona ni hesabu ya kufurahisha akili tu.

Ikapita miaka 134. Usiku wa Februari 22, 1906, huko Heidelberg, Ujerumani, Max Wolf alikuwa akipiga picha za anga. Mbinu ilikuwa yake: darubini hufuata nyota kwa muda mrefu, nyota hutoka kama nukta, na asteroidi, kwa kuwa inasogea, huacha mstari. Kadiri mstari unavyokuwa mfupi, ndivyo jiwe lilivyo mbali. Usiku huo alinasa mstari mfupi. Carl Charlier wa Lund, Sweden, ndiye aliyetambua kwamba jiwe la Wolf linatangulia mbele ya Mshtarii, karibu na pale alipopataja Lagrange.

Namhurumia Edward Emerson Barnard. Mmarekani huyo mwenye jicho kali alikwisha kuona mojawapo ya mawe haya mwaka 1904, asijue ni nini. Ilithibitishwa karibu karne nzima baadaye.

Johann Palisa wa Vienna alipendekeza majina ya mashujaa wa vita vya Troya. La Wolf likaitwa Achilles. August Kopff akaongeza Patroclus na Hektor. Baadaye ikawa desturi: wanaotangulia ni Wagiriki, wanaofuata ni Watroya. Wawili walikuwa wameshapewa majina, ndiyo maana Hektor yumo kambini kwa Wagiriki na Patroclus kwa Watroya hadi leo.

Mawe haya yanayojulikana sasa yamepita 10,000, na thamani yake ni kubwa, kwani ni masalia ya zama sayari zilipokuwa zikiumbika. Ndiyo sababu Oktoba 2021 Marekani ilirusha chombo Lucy, jina la mabaki ya kale ya jamii ya binadamu yaliyopatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Waethiopia humwita Dinkinesh, na jina hilo likapewa asteroidi ndogo ambayo chombo kiliipita Novemba 2023, kikiwa bado njiani. Kwa Wagiriki kitaanza na Eurybates mwaka 2027, kisha kirudi kupita karibu na Dunia na kwenda upande wa pili, kumkuta Patroclus na mwenzake Menoetius mwaka 2033.