Kalule, Mugabi na Ouma: nani angempiga nani?

Ndugu zangu wa nyumbani, nawaandikia kutoka huku Maryland, pembeni mwa Washington. Maboksi tunaendelea kuyabeba kama kawaida, na baridi tumeizoea kwa shingo upande.

Leo nataka tuongee masumbwi. Najua shangazi zangu wengine watataka kufunga ukurasa hapa hapa, lakini naomba mvumilie kidogo. Humu kuna jambo la sisi sote tuliotoka na nyinyi mliobaki.

Kwa kinyozi ninakokata nywele kuna ubishi usiokwisha: bondia gani wa zamani, akiwa kwenye ubora wake, angempiga bondia gani wa sasa? Wamarekani wana Ali, Leonard na Mayweather. Akitokea Mwingereza naye ana orodha yake: John Conteh, Nigel Benn, Naseem Hamed, Lennox Lewis, Joe Calzaghe. Kila mtu anatetea wa kwao mpaka mate yanaruka. Sisi wa Afrika Mashariki tunakaa kimya tukisubiri zamu ya kunyolewa, kama vile kwetu hakukuwahi kuwa na watu.

Jamani, watu walikuwepo! Huyo huyo Conteh alipochukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970, uzito wa kati, aliyekuwa naye ulingoni kwenye fainali alikuwa Titus Simba wetu wa Tanzania. Conteh akaja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1974, na Waingereza mpaka leo wanamwimba. Simba je? Waulizeni vijana hapo mtaani kwenu, mtaona watakavyowatazama.

Basi na mimi nimeamua kuleta ubishi wetu. Nimechagua uzito mmoja ili tusilinganishe embe na nazi: uzito wa ratili 154, yaani kilo 69.8 na ushee, ulio katikati ya welta na uzito wa kati. Kwa nini huo? Kwa sababu Uganda, majirani zetu, wametoa mabingwa wa dunia watatu kwenye uzito huo huo, kila mmoja na enzi zake. Ayub Kalule, mkanda wa WBA, 1979. John Mugabi, mkanda wa WBC, 1989. Kassim Ouma, mkanda wa IBF, 2004. Nchi moja, mizani moja, mikanda mitatu tofauti.

Kabla hatujawapandisha ulingoni, tukumbuke kwamba enzi hazifanani. Mwaka 1979 mikanda mikubwa ilikuwa miwili tu, WBA na WBC. Mwaka 2004 ilikuwa minne. Kalule alipigania ubingwa kwa raundi 15. Halafu Novemba 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alipigana na Ray Mancini kule Las Vegas, akafa siku chache baadaye, na kuanzia hapo vyama vikaanza kushusha raundi mpaka 12. Enzi za Kalule bondia alipimwa uzito siku ile ile ya pambano. Enzi za Ouma alipimwa jana yake, akapata usiku mzima wa kula na kunywa. Kwa hiyo ratili 154 za Kalule na ratili 154 za Ouma si kitu kimoja. Hilo tuliweke kichwani.

Tuanze na mkubwa wao. Kalule alizaliwa 1954, na alikuwa wa mkono wa kushoto. Mwaka 1974 peke yake alichukua dhahabu mbili katika ngumi za ridhaa: Jumuiya ya Madola kule Christchurch, kisha ubingwa wa dunia kule Havana. Mwaka 1976 akaingia ngumi za kulipwa, lakini si Kampala. Alikwenda Denmark, chini ya promota Mogens Palle. Oktoba 1979, akiwa na miaka 25, alimfuata Masashi Kudo nyumbani kwake Japani, akampiga kwa pointi baada ya raundi 15. Huyo ndiye bingwa wa kwanza wa dunia wa Uganda. Mkanda ule aliutetea mara nne. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa anapiga ngumi zake kwa mpangilio, raundi baada ya raundi, kama fundi mwashi anayepanga tofali.

Mdogo wake Mugabi alikuwa kinyume kabisa. Alizaliwa 1960, akapata fedha ya Olimpiki kule Moscow 1980, michezo ile ile ambayo Bayi na Nyambui walituletea fedha zetu mbili. Akaenda Ulaya, akawa chini ya promota wa London, Mickey Duff, na wakampa jina la Mnyama. Haikuwa bure. Mpaka Machi 1986 hakuwa amepoteza pambano hata moja la kulipwa, na kila aliyepanda naye ulingoni alitolewa kabla ya kengele ya mwisho. Kila mmoja!

Ouma maisha yake ni msiba na muujiza kwa pamoja. Alitekwa akiwa mtoto mdogo wa shule, akafanywa askari wa NRA wakati wa vita vya msituni. Ngumi alizikuta jeshini. Mwaka 1998 alikuja Marekani na kikosi cha ngumi, akabaki huku huku. Mwaka 2002 alipigwa risasi Florida, akapona. Oktoba 2004, naye akiwa na miaka 25 kama Kalule, alimpiga Verno Phillips na kuchukua mkanda. Naye wa mkono wa kushoto, asiye na ngumi nzito sana, lakini mikono yake haipumziki. Anapiga, anapiga, anapiga tena, mpaka mwenzake anachoka kuhesabu.

Sasa tuwapime kwa nini? Mimi nina kipimo changu, na kipo hapa hapa jirani. Kuna mtaa unaitwa Palmer Park, katika wilaya ya Prince George's, hapa Maryland, ambako wabongo na Wakenya tumejaa tele. Hapo ndipo alipokulia Sugar Ray Leonard, na ngumi alijifunza kwenye jumba la jamii la mtaani. Jirani kabisa, Landover, palikuwa na ukumbi mkubwa wa Capital Centre, uliobomolewa 2002. Ndani ya ukumbi huo, tarehe 31 Machi 1980, Leonard alimlaza Mwingereza Dave Green kwa mkono wa kushoto katika raundi ya 4, watu wakadhani yule bwana hatainuka tena. Huyo ndiye Leonard wa miaka ile.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 1981, Leonard huyo huyo alikutana na Kalule wetu kule Astrodome, Houston. Kalule alikuwa na mapambano 36 bila kupoteza. Haikuwa kazi rahisi kwa mtoto wa Palmer Park. Kalule alimfuata raundi nane nzima bila kurudi nyuma, na mpaka dakika ya mwisho ya raundi ya 9 alikuwa bado anauliza maswali. Hapo ndipo Leonard alipomshushia mvua ya ngumi na kumwangusha. Kalule aliinuka, lakini refa akasimamisha. Leonard akaruka sarakasi hewani kwa furaha. Miezi mitatu baadaye alimpiga Thomas Hearns. Kwa maneno mengine, Kalule alipoteza mbele ya Leonard aliye bora kuliko Leonard wote.

Na Mugabi? Yeye hakupigana na Leonard, lakini sikilizeni kisa hiki. Tarehe 10 Machi 1986, Las Vegas, Mugabi alipanda uzito mpaka ratili 160 kumkabili marehemu Marvin Hagler, bingwa asiyeguswa kwa zaidi ya miaka mitano. Lilikuwa pambano la kutisha. Mugabi alimpiga Hagler ngumi ambazo watu wengine wangelala nazo mpaka asubuhi. Hagler alizimeza, akamchosha, akammaliza raundi ya 11. Kando ya ulingo alikuwa amekaa Leonard, ambaye alikuwa amestaafu. Alipoona Mugabi anavyomfikia Hagler, akajiambia kwamba mzee huyu sasa anapigika. Akarudi ulingoni, na Aprili 1987 akamshinda Hagler kwa pointi zinazobishaniwa hadi leo. Yaani ushindi mkubwa kuliko wote wa mtoto wa Palmer Park, njia yake ilifyekwa na Mganda. Kwa kinyozi nikiwaeleza hivyo, wazee wa hapa wananyamaza kidogo!

Ouma kipimo chake kikubwa kilikuja Desemba 2006, alipopanda uzito wa kati na kumfuata Jermain Taylor nyumbani kwao Arkansas. Alipoteza kwa pointi, lakini alisimama dakika zote 36. Mwaka 2011, umri umekwenda, alimpeleka Gennady Golovkin mpaka raundi ya 10, wakati wengine walikuwa hawafiki hata nusu ya safari hiyo.

Haya, hukumu. Mugabi wa 1985 na Ouma wa 2004: nampa Mugabi. Ouma angepiga ngumi mia, lakini ili kuzipiga ni lazima asimame karibu, na kusimama karibu na Mugabi wa siku zile ni kama kuchezea nyoka ukiwa na fimbo fupi. Kalule wa 1979 na Ouma: Kalule kwa pointi, maana wote wanatumia kushoto na Kalule alikuwa na ufundi zaidi.

Kalule na Mugabi ndio ubishi wenyewe. Wanaomtetea Mugabi wana hoja. Kalule alisimamishwa na Davey Moore mwaka 1982, na mwaka huo huo Mike McCallum alimwacha amekaa kwenye kigoda baada ya raundi ya 7. Wapigaji wazito walimsumbua. Lakini huyo alikuwa Kalule baada ya Leonard, na nadhani kuna kitu alikiacha Houston. Kalule wa kabla ya hapo hakuwa ameangushwa ovyo na mtu, na raundi 15 alizijua. Mugabi alizoea kumaliza kazi mapema. Kwa hiyo nasema hivi: akiweza kuvuka raundi ya 6, Kalule anashinda kwa pointi. Asipovuka, tusimlaumu refa.

Lakini kilichonifanya niandike ni kitu kingine. Tazameni tarehe za Mugabi tena. Ubora wake ulikuwa 1984 na 1985, na miaka hiyo hakuvaa mkanda wowote. Nafasi aliyopewa ilikuwa juu ya uzito wake, mbele ya Hagler. Mkanda wa uzito wake aliupata Julai 1989 kule Ufaransa, baada ya René Jacquot kuteguka kifundo cha mguu raundi ya kwanza, na Machi 1990 Terry Norris akamnyang'anya, pia raundi ya kwanza. Msimu wake wa mavuno ulipita ghala likiwa limefungwa, na ufunguo hakuwa nao yeye.

Sasa mtazameni Leonard. Alipoamua kuingia ngumi za kulipwa, hakujiuza kwa promota. Wakili wa huku, Mike Trainer, alikusanya watu 24, wakamkopesha dola 21,000. Ni mchango tu, jamani, kama ule wetu wa harusi! Februari 1977 akapigana pambano la kwanza Baltimore, akalipa deni lote kwa malipo ya siku ile moja. Kuanzia hapo aliamua mwenyewe apigane na nani, lini, na kwa shilingi ngapi. Astaafu lini, arudi lini, vyote vilikuwa mkononi mwake. Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Ila Kalule pia alikuwa nacho. Kilichomzidishia Leonard ni majirani waliomnunulia muda wake mwenyewe.

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Sisi tuliotoka tunalijua hilo kuliko kocha yeyote. Miaka yetu ya nguvu tunaitumia kwenye nchi za watu, kwa ratiba za watu. Kalule aliitumia Copenhagen, Mugabi London na Marekani, na Robert Wangila wa Kenya, dhahabu ya Seoul 1988, alifia Las Vegas mwaka 1994 kwa majeraha ya ulingoni. Nyumbani tulishangilia matokeo redioni, basi.

Kwa hiyo, wajomba, akitokea kijana mwenye mikono hapo mtaani kwenu, msisubiri promota wa mbali amwone. Piteni na daftari la mchango. Mimi huku nitatuma changu.

Na wale mtakaosema Mugabi angempiga Kalule raundi ya pili, simu yangu mnayo. Nipigieni, ila kumbukeni huku tuko nyuma yenu kwa saa saba au nane. Msiniamshe alfajiri kwa ajili ya Mnyama!

Wasalimieni wote. Alamsiki.