Chakula Shuleni: Nafasi ya Mtoto Ambaye Mzazi Wake Hajachangia

Elimumsingi katika shule za umma nchini Tanzania hutolewa bila ada, kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Hata hivyo, Waraka Na. 3 wa mwaka 2016, uliofafanua majukumu ya kila mdau, uliacha chakula cha wanafunzi wa kutwa mikononi mwa wazazi na walezi. Ndiyo maana sufuria ya makande shuleni hujazwa kwa debe la mahindi kutoka kaya moja, maharage kutoka nyingine, na fedha kidogo za mpishi na chumvi.

Kiasi cha mchango hukubaliwa katika mkutano wa wazazi. Tatizo hujitokeza pale daftari la michango linapogeuzwa kuwa orodha ya wenye haki ya kula. Mtoto anayelelewa na bibi asiye na shamba, au ambaye mzazi wake ni mgonjwa, huambiwa akae pembeni wakati wenzake wanapanga foleni na sahani zao. Wengine hurudi darasani, wengine hujifanya wanacheza. Hivyo adhabu iliyokusudiwa mzazi humwangukia mtoto, ambaye hana debe wala uwezo wa kulitafuta.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza kumbagua mtoto, na hali ya kiuchumi na kijamii ni miongoni mwa misingi iliyotajwa humo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 1991, unakwenda mbali zaidi: Ibara ya 2 inataka mtoto alindwe dhidi ya ubaguzi au adhabu inayotokana na hali ya wazazi wake.

Hoja inayosikika mara nyingi mikutanoni ni kwamba chakula hakitatosha. Hoja hiyo yafaa kupimwa kwa hesabu. Ichukuliwe shule yenye wanafunzi 300 ambako kila mmoja huchangiwa debe moja la mahindi, takribani kilo 18. Iwapo kaya za watoto 20 hazina uwezo kabisa, pengo ni kilo 360. Likigawanywa kwa watoto 280 waliobaki, kila mmoja huongezewa chini ya kilo moja na nusu. Shule yenye shamba lake inaweza kuliziba pengo hilo bila kumwongezea mzazi yeyote.

Kaya zisizo na uwezo hutambuliwa na uongozi wa kijiji au mtaa, ambao tayari unazifahamu zilizomo katika mpango wa TASAF. Majina hayo hayana sababu ya kusomwa mstarini wala kubandikwa ukutani, na mtoto husika hula katika foleni ileile na kwa kipimo kilekile. Mzazi asiye na nafaka anaweza kukubaliwa achangie kuni au nguvu kazi. Mwenye uwezo anayekataa hilo ni jambo jingine: huyo hufuatwa nyumbani kwake na viongozi, si kupitia sahani ya mwanawe.

Mzazi au jirani anayeona mtoto akinyimwa chakula kwa sababu ya mchango anaweza kulifikisha suala hilo kwa kamati ya shule, mtendaji wa kijiji au kata, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.